Mguu wa Reno

Naapa kwa kaburi la marehemu mke wangu Edna, na kwa meno yangu mawili ya mbele ambayo bado ni yangu mwenyewe, kwamba kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Nimeendesha treni ya miwa miaka thelathini na minane bila kugonga ng'ombe hata mmoja, isipokuwa yule mmoja, na yule alikuwa ametaka mwenyewe. Sina haja ya kudanganya. Wapo wenzangu wa meza ndefu, pale klabu ya matufe, wazee tunakoviringisha mipira mizito kwenye nyasi, wanaosema kwamba mamba niliyemwona mwaka wa mafuriko anaongezeka mita moja kila nikimsimulia. Waacheni waseme. Mamba hukua.

Haya. Nazzareno Cachia, ambaye hapa Tannaroo hakuna mwenye muda wa kumwita kwa urefu huo, ni Reno tu, amesimama juu ya saruji ya bucha yake miaka arobaini na minne. Mguu wake wa kushoto ulianza kwa mishipa iliyojinyonga chini ya ngozi kama nyungunyungu baada ya mvua. Kisha ukawa unavimba kila jioni. Kisha ngozi ya juu ya kifundo ikageuka rangi ya chai iliyolala, ikawa ngumu kama ubao, na mwishowe, upande wa ndani, kikafunguka kidonda kisichotaka kufunga. Miaka miwili kidonda kiko wazi. Reno alikizungushia bendeji, akavaa kaptura yake na buti, akaendelea kukata nyama. Mteja akiuliza, anajibiwa kwamba aliyemng'ata ni bwana afya.

Daktari wa kumpasua huja hapa kwa ndege ndogo kila miezi miwili, anakaa siku tatu, anaondoka. Anaitwa Dokta Mendis, mtu mwembamba anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Jumatatu saa nane mchana alimsimamisha Reno juu ya kigoda hospitalini, akachukua kalamu yenye wino wa zambarau, akauchora ule mshipa mkubwa kuanzia kwenye kinena, ukishuka paja kwa ndani, ukipita goti, hadi kifundoni. Lazima mgonjwa asimame. Akilala, mishipa hunywea, na daktari hajui tena pa kukata.

Akamwambia asioge, asiisugue ile michoro, aende moja kwa moja kitandani alale miguu ikiwa juu ya mto, kesho yake saa moja asubuhi wang'oe mshipa.

Reno akaenda moja kwa moja bucha. Kulikuwa na masinia ya nyama ya bahati nasibu ya Ijumaa pale klabu, na mkwewe, Dale Rickard, mume wa binti yake Loretta, hufunga soseji kama anayefunga kamba za viatu. Wakafanya kazi pamoja, wakagombana pamoja. Dale alitaka bucha ifungwe, mzee apumzike. Mzee alitaka Dale anyamaze. Saa kumi na moja kamili Dale akavua aproni, akaondoka, akaubamiza mlango wa mbele hadi jirani wa duka la vifaa akachungulia.

Reno akabaki chumba cha nyuma peke yake na soseji zake, na redio kwenye rafu ikibwabwaja mbio za farasi, zile za saa kumi na moja na robo, ambazo yule farasi wa kijivu aliyekuwa nyuma ya wote alitokea ukingoni akawapita kama waliofungwa kwenye nguzo.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na sita simu ya bucha ikapiga idara ya dharura. Sauti ya mwanamume kijana, ya puani, ikasema: "Njooni kwa Cachia, kuna damu," ikakata.

Konstebo wetu alifika saa kumi na moja na dakika arobaini. Alikuta kimya. Hakuna kilichosikika ila mfereji uliokuwa ukidondoka kwenye sinki. Reno alikuwa ameketi kwenye stuli, mgongo ukutani, kidevu kifuani, uso mweupe kama mafuta ya kondoo. Damu ilikuwa imejaa buti, ikafurika, ikapita chini ya pipa la maji ya chumvi, ikaingia chini ya mlango wa chumba cha baridi. Ndani ya damu hiyo kilikuwapo kisu cha kutolea mifupa. Yule konstebo alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza majuma mawili nyuma, asante Mungu. Alimlaza chini, akaupandisha mguu juu ya pipa, akabonyeza kifundo kwa kiganja. Damu ikakoma.

Dakika tano zaidi na ningekuwa naandika habari nyingine.

*

Sajini Gwenda Pascoe wa upelelezi alishuka kutoka pwani Jumanne asubuhi, mvua ikimwagika na kiwanda cha sukari kikitoa ule moshi wake mtamu unaotia kichefuchefu. Mwanamke mfupi, mwenye viatu vya mwanamume, anayeweka daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla ya kuandika lolote huandika saa. Haya ya kwake nimeyapata kwake. Ya chumba cha upasuaji nimeyapata kwa Sista Losa, Mfiji, ambaye huimba kwaya na hajui kusema uongo. Na ya mahabusu nimeambiwa na Dale mwenyewe, baada ya muda, alipoanza tena kuongea nami.

Sajini alianza na kile chumba cha nyuma. Aliingia peke yake, akasimama mlangoni robo saa nzima bila kugusa kitu. Tatizo lake likamjia mapema. Katika bucha damu iko kila mahali: kwenye gogo, kwenye ndoo, kwenye aproni ya Dale, kwenye mpini wa kisu. Ipi ya ng'ombe, ipi ya mtu? Sampuli zilipaswa kwenda mji mkuu, na majibu yangechukua siku tisa. Kwenye kisu alama za vidole zilikuwa za Dale, moja juu ya nyingine, za miaka.

Akaangalia simu ukutani. Ilikuwa imepanguswa. Akaangalia redio. Ilikuwa imezimwa, na kifungo chake nacho kimepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Akaandika saa, akaandika: *mtu makini, au mtu mwenye hofu.*

Kisha akaenda mahabusu, kwa mtu ambaye konstebo alimkamata usiku ule kwa ajili ya ile sauti ya puani. Dale Rickard alikuwa ameketi na mikono katikati ya magoti. Ni jitu la mtu, pua ilivunjika mara tatu kwenye raga, ndiyo maana huongea kama mwenye mafua ya kudumu. Sajini akamsikilizisha ile sauti ya simu.

"Ni wewe?"

"Siyo mimi."

"Mkeo amesikia. Amesema ni wewe."

Dale aliitazama ile mashine muda mrefu. "Hata mimi ningesema ni mimi," akasema. "Lakini saa hiyo nilikuwa garini, kando ya barabara ya shamba, nimezima injini. Nilikuwa nalia, kama unataka kujua. Hakuna aliyeniona, namshukuru Mungu. Sasa natamani mtu angeniona."

Kutoka hapo Sajini akaenda wodini. Reno alikuwa na chupa ya tatu ya damu mkononi, mguu umefungwa bendeji nene kutoka vidoleni hadi kinenani. Dokta Mendis alikuwa amepitisha nyuzi mbili tu pale palipovuja, akasubiri nguvu zimrudie. Reno alisema hakusikia maumivu yoyote. Alihisi joto kwenye buti, akadhani amemwaga maji ya chumvi. Akatazama chini, akaona, akaketi kwenye stuli, kisha dunia ikazimika.

"Redio ilikuwa inawaka?" Sajini akamuuliza. Huyu mama huuliza mambo ya ajabu.

"Niliiwasha Dale alipoondoka. Yeye hapendi mbio. Lakini sikusikia hata farasi wa kwanza akitoka."

"Na nani aliingia?"

"Jibu unalolitaka hulala kitanda kimoja na binti yangu," Reno akasema, akageuzia uso ukutani. "Sikuona mtu. Sitasema niliona mtu."

Jioni ile Sajini akawapitia wote wenye kupita nyuma ya bucha. Nami akanikuta pale uchochoroni, chini ya mwavuli, nachungulia kama robo ya mji mzima ilivyokuwa ikichungulia. Aliniuliza jina, nikamwambia Mervyn Kittle, dereva mstaafu, mtaalamu wa kusuka ngozi ya kangaruu, niliyejifunza mwenyewe udaktari wa mifugo, sheria, na hali ya hewa. Akaniuliza jana jioni nilikuwa wapi. Nikamwambia mtoni, tangu saa kumi hadi giza, navua peke yangu, bila simu wala redio, kwa sababu samaki wa hapa hawapendi kelele. Akaandika saa. Akanitazama juu hadi chini, kofia, shati, suruali niliyoifunga kwa kamba ya robota la nyasi kama nusu ya wazee wa wilaya hii, buti. Akaniambia niende nyumbani, nitalowa.

*

Jumatano saa moja asubuhi simu yake ikalia. Alikuwa Dokta Mendis.

"Njoo sasa hivi," akamwambia. "Kabla hatujamwosha."

Sajini akavalishwa kofia na gauni la kijani, barakoa hadi machoni. Reno alikuwa tayari amelazwa kwa nusukaputi, mrija mdomoni, na ile mashine ikimpumulia kwa mlio wa mtu anayepanda ngazi. Walikuwa wamemfungua bendeji. Dokta alikuwa ameamua kumfanyia upasuaji wote siku hiyo hiyo, kwa sababu ndege ingeondoka Alhamisi, na mshipa uliopasuka mara moja hautangoja miezi miwili.

"Kwanza kisu," Dokta akasema. Akaelekeza taa kifundoni. "Hakuna kisu hapa. Kidonda kilikula ngozi hadi ikawa nyembamba kama karatasi, na chini yake mshipa uliojaa. Amesimama kwa muda wa saa tatu juu ya saruji. Ukapasuka kutoka ndani. Ukitazama kingo utaona zimetazama nje."

Sajini alivuta pumzi. Dale alikuwa karibu kuwa huru.

"Sasa hapa."

Taa ikapanda pajani. Ile mistari ya zambarau ilishuka kutoka kinenani nukta kwa nukta, safi, hadi upana wa kiganja juu ya goti. Hapo ikakatika. Pengo la vidole viwili, kisha nukta zikaendelea chini. Na katika lile pengo, ngozi ilikuwa na mchubuko wa bluu uliozunguka paja lote, wenye umbo la msuko: vifundo vidogo vidogo vilivyopandana, kama mkia wa nyoka.

"Niliutafuta mstari wangu nikakuta mtu ameupangusa," Dokta akasema. "Mtu alimfunga hapa. Kwa nguvu sana."

"Kumzuia damu isitoke?"

"Au kuifanya itoke." Sauti yake haikupanda. "Damu hii siyo ile inayosukumwa kutoka moyoni. Ni inayorudi. Ukifunga juu, unaziba njia ya kurudi, lakini ile ya kuingia iko ndani zaidi ya nyama na bado imefunguka. Mguu unajaa kama kiriba, na mahali pekee pa kutokea ni lile tundu. Na alikuwa amekalishwa wima. Angelazwa chini, mguu juu ya kiti, kidole kimoja kikibonyeza, ingekoma kabla chai haijapoa. Badala yake ilimwagika kama bomba."

Sajini akapiga picha kumi na mbili, na rula kando. Sista Losa akashika mguu ili ageuze upande wa pili. Kwenye mchubuko palikuwa na alama ya bizimu, ya mstatili.

"Wino wako," Sajini akauliza, "unatoka kwa sabuni?"

"Nina mashati matatu nyumbani yatakayokujibu. Ukishika kwenye ngozi yenye jasho, unahamia. Ukishahamia, hauondoki."

Kisha wakamsugua Reno kwa dawa ya kahawia, na ushahidi wote ukaingia kwenye ndoo. Sajini alibaki, ameegemea ukuta. Dokta alikata kidogo pale kinenani, akautafuta mshipa mahali unapoingia kwenye mkubwa wa ndani, akaufunga kwa uzi, akaukata. Akaingiza waya mrefu ndani ya mshipa wenyewe, ukateremka paja lote, ukatokea chini ya goti. Akafunga kichwa cha mshipa kwenye waya. Akavuta. Ukatoka polepole, umejigeuza nje ndani, mrefu, wa kijivu. Sista Losa anasema ile sauti ya kung'oka mtu huihisi kwenye meno yake mwenyewe. Vile vidogo vya chini Dokta akavitoa kwa ndoano kama ya kufumia vitambaa, tundu moja moja.

Saa nne kasoro wakamaliza, Reno akiwa hai.

Sajini akapiga simu pwani kumweleza mkubwa wake, Inspekta, kwamba hakuna aliyechomwa kisu. Inspekta akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno yaliyomfanya Sajini aweke daftari chini. Akasema: yule kijana ni mkata nyama. Nani anajua zaidi yake jinsi ya kumaliza damu ya mnyama? Alimkuta mzee anavuja, akamfunga ili avuje zaidi, akakaa akatazama. Kisha akachukua alichofungia akakificha. Mtu aliyetaka kusaidia angekimbia na mkanda wake? Saa nane mchana hakimu anakaa. Mshtaki Dale Rickard kwa kujaribu kuua.

"Na kama siyo yeye?"

"Basi niletee huo mkanda kabla ya saa nane."

*

Saa sita na robo Sajini Pascoe aliingia klabu ya matufe, amelowa, akaomba pai na chai. Walikuwa wamekwisha kupekua nyumba ya Dale. Walikuta mikanda mitatu, yote bapa, hakuna uliosukwa. Loretta alikuwa ameketi jikoni wakati wanapekua, hakuwazuia, hakuwaambia karibu. Saa moja na dakika arobaini na tano zilibaki.

Meza ndefu ilikuwa imejaa. Nami nilikuwa katikati, chini ya feni, nasimulia.

Niseme ukweli: tangu Jumatatu nilikuwa nimekisimulia kisa hiki mara kumi na moja, na kila mara kikinoga. Niliiga sauti ya konstebo alipoiona ile damu. Niliiga ya Reno na lafudhi yake ya Kimalta. Niliiga ya Dale na pua yake, hadi Bev Tonkin, anayeshika kaunta na asiyecheka kwa urahisi, akafunika mdomo. Watu wakaagiza tena. Sikujua kwamba Sajini ameketi nyuma yangu na pai yake, hajaigusa.

Akahamia kiti cha mbele yangu.

"Endelea, Bwana Kittle," akasema. "Anza pale Dale alipobamiza mlango. Sikusikia vizuri."

Mtu mwenye akili angeomba ruhusa kwenda msalani. Lakini ningeondokaje, meza nzima imenyamaza, na mpelelezi kutoka pwani amekunja mikono ananisikiliza? Nikaanza. Nikambamiza Dale na mlango wake. Nikamweka Reno na soseji zake. Nikawasha redio, nikaziweka mbio za farasi, na nikamleta yule wa kijivu, wa mwisho kabisa, akitokea ukingoni, na mtangazaji akipaliwa na mate yake.

"Aliitwaje?" Sajini akauliza.

"Asali ya Shangazi," nikasema. "Hakuna aliyemtarajia."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Kumi na moja na robo. Na dakika mbili, tatu."

Sajini akatoa daftari kwenye mfuko wake wa plastiki, akaandika saa. Hakuwa na haraka. Feni ikazunguka. Nikaanza kuihisi ile kamba ya robota kiunoni.

"Reno aliiwasha redio Dale alipoondoka," akasema. "Konstebo alipofika ilikuwa imezimwa na imepanguswa. Katikati hapo kuna mtu mmoja tu aliyeisikia. Na wewe, Bwana Kittle, uliniambia ulikuwa mtoni, bila redio."

Nikasema labda niliusikia ule ushindi baadaye, mahali fulani.

"Mahali gani?"

Nimesema uongo maisha yangu yote kwa raha, sijawahi kukosa mahali. Siku ile nilikosa.

"Na ile sauti ya Dale," Sajini akaendelea, polepole, "iige tena. Sema: njooni kwa Cachia, kuna damu."

Sikuiiga. Mezani hakuna aliyenitazama usoni. Bev alikuja, akaweka kitambaa chake begani, akasimama juu yangu. Pale klabuni kuna desturi ya zamani kuliko mimi: anayenaswa na uongo kwenye meza ndefu husimama, hulipa, kisha husema ilivyokuwa. Kwa kawaida ni bia na kicheko.

"Lipa, Merv," Bev akasema. Hakuna aliyecheka.

Nikasimama. Nikachukua begi langu la matufe chini ya meza, nikalifungua. Nikatoa tufe la kwanza, nikatoa la pili, na chini yake nikautoa mkanda wangu, wa ngozi ya kangaruu, nyuzi kumi na mbili, niliousuka mwenyewe majira mawili ya mvua, na bizimu ya mstatili ambayo Edna aliniletea kabla hajaugua. Nikauweka mezani ukiwa umepinduka. Upande wa ndani ulikuwa na nukta tano za zambarau, zimepangana sawasawa. Nilikuwa nimeusugua kwa sabuni mara tatu, na kwa chumvi, na kwa petroli. Kuutupa sikuweza.

Nikasema ilivyokuwa. Kwamba nilipitia mlango wa nyuma kuchukua mifupa ya mbwa, nikamkuta ameketi na damu inamtoka. Kwamba nilijua la kufanya, kwa sababu mimi hujua kila kitu. Babu yangu alifunga juu ya jeraha la nyoka, baba yangu alifunga, kila mtu mwenye umri wangu katika nchi hii ya miwa amefundishwa kuvua mkanda na kufunga juu. Nikafunga. Damu ikaongezeka. Nikakaza. Ikaja kwa kasi zaidi, nami nikamshikilia wima asianguke, namwambia tulia, Reno, tulia, na redio ikinipigia makelele ya farasi hadi nikaizima. Alipolegea nikajua nimemuua. Nikaufungua mkanda. Nikapiga simu, kitambaa tayari mkononi cha kupangusa nilipogusa. Na nilipofungua mdomo ili niseme mimi ni nani, ikatoka sauti ya mtu mwingine.

"Kwa nini ya Dale?" Sajini akauliza.

"Ndiyo niliyokuwa naifanyia mazoezi wiki ile."

Aliuvingirisha mkanda, akautia kwenye mfuko wa ushahidi. Akatazama saa ya ukutani: saba kasoro dakika nane. "Vaa kofia yako," akaniambia. "Utanisaidia kufungua mlango mmoja."

Dale alitoka mahabusu saa saba na nusu. Alipita mbele yangu, akasimama. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amekwisha kwenda zake.

*

Maneno aliyoniambia hakimu kuhusu ile simu nitayameza mwenyewe. Bia za meza ndefu nilizilipa. Lakini malipo yenyewe alinipangia Reno, kutoka kitandani kwake, na Sajini akasema hata yeye asingewaza makali zaidi.

Baada ya upasuaji wa namna ile mgonjwa lazima atembee kila siku, na lazima avae soksi ya kubana, kutoka vidoleni hadi pajani. Ni soksi ngumu kama tairi ya baiskeli. Mwenyewe hawezi kuinama na ile mishono, na Loretta amekataa. Basi kila asubuhi saa moja, kwa majuma sita, naingia bucha kwa mlango wa nyuma, napiga magoti juu ya ile saruji, mahali pale pale, na kumvalisha Reno soksi. Kidonda kimeanza kufunga, kimebaki kama ukucha. Dale husimama kwenye gogo, mgongo umetugeukia, akitoa mifupa.

Na Reno hunitaka nikisimulie kisa chote huku navuta, tangu mwanzo. Nikiongeza kitu, farasi au mamba au chochote, Dale anaacha kukata. Hageuki. Kisu kinatulia tu.

Reno huuvuta mguu wake, soksi inashuka hadi kifundoni.

"Anza tena," huniambia.